Mimba changa ya farasi: jinsi ya kuifuatilia, na la kufanya ikiharibika

Farasi jike anaweza kupoteza mimba ya siku thelathini usiku, asubuhi akala majani yake kama kawaida, na saisi asione hata tone. Kiinitete cha umri huo ni kidogo mno. Mara nyingi mwili wa mama hukinyonya, au hutoka pamoja na ute unaopotelea kwenye matandiko ya banda. Mwenye farasi anayengoja kuona damu ndipo aamini kwamba mimba imetoka, atangoja mpaka mwezi wa kumi na moja wa mimba, siku za kuzaa zifike na tumbo halipo.

Mwongozo huu ni wa wenye mashamba madogo na masaisi wao, wawe Kenya, wawe Arusha, au wawe wameajiriwa mazizini Oman na kwingineko Ghuba. Unahusu zaidi siku 65 za kwanza. Mimba kubwa nitaigusa kwa ufupi tu, maana ina mambo yake.

Kabla ya hatua zenyewe, tuondoe lawama. Jike akipoteza mimba, shambani hutafutwa mchawi: kapandwa na mtu mzito, kapigwa teke malishoni, saisi kamkimbiza. Mwaka 2024 watafiti wa Royal Veterinary College ya London na Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha uchunguzi wa sampuli 256 za mimba za farasi zilizoharibika. Katika zile zilizopotea kipindi cha kiinitete, asilimia 42 zilikuwa na seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) badala ya mbili, yaani 96 badala ya 64 za kawaida ya farasi. Nyingine zaidi ya asilimia 11 zilikuwa na kromosomu iliyozidi au iliyopungua. Vijusi vyenye seti tatu vilionekana wazi kwamba ubongo haukuumbika sawasawa. Mimba ya namna hiyo haiokolewi kwa sindano, wala kwa kumfungia jike bandani. Kazi yetu basi ni kuzitenga hizo na zile ambazo zingeweza kuokolewa, na kujua mapema jike yuko upande gani ili msimu wa kupandisha usipotee bure.

Hatua ya 1: Andaa jike na daftari kabla ya dume

Hesabu ya siku huanza siku yai lilipotoka, si siku ya kupandishwa. Joto la farasi huchukua kama siku tano hadi saba, na yai hutoka saa 24 hadi 48 kabla joto halijaisha. Jike aliyepandishwa Jumatatu anaweza kuachia yai Alhamisi. Ukihesabu tangu Jumatatu, kwenye kipimo mimba itaonekana imedumaa kwa siku tatu, na mtu mwenye haraka ataihukumu kuwa mbovu. Daktari akithibitisha kwa ultrasaundi kwamba yai limetoka, andika tarehe hiyo. Ndiyo siku ya 0.

Katika ziara hiyohiyo mwombe daktari achore mahali na ukubwa wa vivimbe vya maji vilivyomo kwenye ukuta wa mji wa mimba. Majike wenye umri huwa navyo, na kwenye picha hufanana sana na mimba ya siku 15. Bila mchoro wa awali, kivimbe huitwa mimba, kisha kinapokosa mapigo ya moyo huitwa mimba iliyokufa. Hasara ya namna hiyo haikuwepo tangu mwanzo.

Tazama pia umbo la nyuma. Jike ambaye mkundu wake umezama ndani na uke umelala badala ya kusimama wima huingiza hewa na chembe za kinyesi kila anapotembea. Huyo hushonwa sehemu ya juu ya uke, upasuaji uitwao Caslick, na ni lazima afunguliwe kabla ya kuzaa. Andika tarehe ya kufungua ukutani, kwa herufi kubwa. Majike wanaobaki na maji kwenye mji wa mimba siku moja baada ya kupandishwa wanahitaji kuoshwa na kupewa oksitosini, homoni inayoubana mji wa mimba utoe maji, na kazi hiyo ina muda wake. Kiinitete kinakaa kwenye mrija mpaka karibu siku ya 6, ndipo kishuke kwenye mji wa mimba. Usafi unafanywa mapema, kabla hakijafika.

Kama jike amezaa hivi karibuni, usiwe na pupa na joto la kwanza, lile la siku ya 7 hadi 10 baada ya kuzaa. Yai likitoka kabla ya siku ya 10, mji wa mimba bado haujapona vizuri. Mimi humshauri mtu asubiri, ila kama kalenda inambana kwelikweli.

Kuhusu jeni nitasema machache, lakini msiyapuuze. Baadhi ya maumbile mabovu hurithiwa pale baba na mama wote wawili wanapobeba jeni hiyo kimyakimya. Farasi wa Kiarabu wana ugonjwa wa kukosa kinga ya mwili, ambao mtoto huzaliwa akionekana mzima kisha hufa kwa maambukizi ndani ya miezi michache. Farasi wa michezo wa Ulaya wanaoitwa Warmblood wana ugonjwa wa ngozi na viungo dhaifu unaoweza kuua hata tumboni. Farasi wenye mabaka ya aina ya frame, wakikutanishwa wawili, wanaweza kuzaa mtoto mweupe mwenye utumbo usiofanya kazi. Yote hayo yana kipimo cha jeni kinachotumia nywele zenye mizizi. Mbebaji anaweza kuzalishwa bila shida, mradi asikutanishwe na mbebaji mwenzake.

Malisho nayo yaangaliwe. Nyasi ya Sudan na mahuluti yake na mtama, ambayo wafugaji wa ng'ombe huyapenda, hayamfai jike mwenye mimba. Yamehusishwa na watoto kuzaliwa viungo vimekazana visikunjuke, na pia na mimba kutoka. Kama shamba lina ng'ombe na farasi pamoja, hakikisha mlishaji analijua hilo, kwa sababu toroli la majani huwa ni moja.

Hatua ya 2: Siku ya 14 hadi 16, kipimo cha kwanza

Kipimo hiki ndicho watu hukipa heshima, na wengi huishia hapo. Daktari anatafuta kifuko cha duara chenye maji, kiasi cha gololi, milimita 15 hivi kwa siku ya 14. Kifuko hicho hakijatulia. Huzunguka kutoka pembe moja ya mji wa mimba hadi nyingine mpaka siku ya 16, na mzunguko huo ndio unaomjulisha mama kwamba ana mimba. Kikishindwa kuzunguka vya kutosha, mji wa mimba hutoa prostaglandini (kemikali inayomrudisha jike kwenye joto), projesteroni (homoni inayoshikilia mimba) hushuka, na jike hurudi kwenye joto kama asiyewahi kushika.

Muulize daktari mambo matatu, uyaandike papo hapo: kipenyo kwa milimita, kifuko kiko pembe gani, na mayai mangapi yalitoka upande wa kila ovari. Swali la mwisho linahusu pacha. Pacha wa farasi ni balaa. Kondo la nyuma la farasi huhitaji ukuta wote wa mji wa mimba, na wawili hawatoshi, hivyo wengi hutoka miezi ya mwisho, au huzaliwa dhaifu na mama akaumia. Kabla ya siku ya 16 vifuko bado vinatembea, na daktari mwenye mkono uliozoea anaweza kuvitenganisha na kukibana kimoja kikapasuka, mwenzake akabaki salama. Vikishakaa bega kwa bega, kazi inakuwa ya bahati nasibu. Ndiyo maana kuahirisha kipimo hadi siku ya 20 ili kuokoa nauli ya daktari ni akiba ya kijinga.

Kifuko kidogo kuliko umri wake, siku ya 0 ikiwa na uhakika, ni onyo. Si hukumu. Rudia kupima baada ya siku mbili tatu uone kama kinakua.

Hatua ya 3: Siku ya 25 hadi 28, moyo

Kiinitete chenyewe huanza kuonekana kwenye siku ya 21, na mapigo ya moyo kwenye siku ya 25. Moyo ukionekana unapiga, umepiga hatua kubwa, ila hujamaliza.

Katika kipimo hiki tazama mahali kiinitete kilipo. Mwanzoni hukaa chini ya kifuko. Kisha mfuko mpya wa maji hukua chini yake na kukiinua taratibu, mpaka kwenye siku ya 40 kinafika juu kabisa, halafu kinaanza kuteremka tena kikining'inia kwa kamba ya kitovu. Kiinitete cha siku ya 32 ambacho bado kimelala sakafuni, au kifuko ambacho umbo lake limekunjamana, kinamwambia daktari kwamba mpangilio umevurugika hata kama moyo bado unapiga. Dalili nyingine mbaya ni maji yaliyozagaa nje ya kifuko na mikunjo ya ukuta iliyovimba kama ya jike aliye kwenye joto.

Hatua ya 4: Siku ya 33 hadi 35, mlango unaofungwa

Kama pesa inatosha vipimo viwili tu, ningechagua siku ya 15 na hii. Sababu ni hii. Kuanzia siku ya 35 au 36, chembe za kondo hujichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba na kujenga vikombe vidogo vinavyotoa homoni. Vikombe hivyo vinaendelea kuishi mpaka siku ya 100 au hata 120, na havijali kama kijusi kipo hai au kimekufa. Jike akipoteza mimba siku ya 30, daktari humpa prostaglandini akarudi kwenye joto kwa muda mfupi. Akiipoteza siku ya 45, vikombe vinamdanganya mwili wake kwamba bado ana mimba. Harudi kwenye joto la maana kwa miezi kadhaa, na msimu umekwenda.

Kwa hiyo mashaka yote ya siku za nyuma yamalizwe kabla ya siku ya 35: pacha aliyesalia, moyo unaosuasua, kifuko kisichokua. Hapa daktari na mwenye farasi wakae chini waamue. Saisi naye aitwe, maana ndiye anayejua kama jike alikuwa na homa wiki iliyopita.

Hatua ya 5: Siku ya 42 hadi 45, na siku ya 60

Vipimo hivi ni vifupi: moyo, ukubwa, maji safi yasiyo na vumbi jeupe ndani yake. Kwenye siku ya 60 hivi daktari mzoefu anaweza hata kuona kama kijusi ni dume au jike. Baada ya hapo pima tena mara moja kwenye mwezi wa tano wa mimba, hata kama tumbo linaonekana. Tumbo la farasi ni shahidi mwongo. Lina majani mengi kuliko kitu kingine chochote.

Mambo ya katikati: homa, tumbo, na dawa

Siku 60 za kwanza, projesteroni yote hutoka kwenye ovari za mama. Sumu za bakteria zikiingia kwenye damu, iwe kwa tumbo la kuuma, kuhara au homa kali, mwili hutoa prostaglandini inayokata projesteroni hiyo, na mimba nzima hufuata. Hii ni aina ya hasara inayozuilika. Jike mwenye mimba changa akipata homa au akianza kugaagaa, usingoje kesho. Mwite daktari siku hiyohiyo na mtajie siku ya mimba katika sentensi ya kwanza, kwa sababu ataweza kumpa dawa ya kuzuia prostaglandini na kumkinga kwa homoni. Kwetu Afrika Mashariki, jike mwenye homa apimwe damu: kupe huleta piroplasmosi, na vimelea aina ya Theileria equi hupenya kondo hadi kwa mtoto tumboni.

Sasa homoni. Altrenogesti, dawa inayofanya kazi kama projesteroni, imekuwa dawa ya wasiwasi wa mwenye farasi zaidi ya dawa ya jike. Ina kazi yake kwa jike mwenye homa, kwa yule ambaye projesteroni yake imepimwa ikaonekana ndogo, na kwa baadhi ya majike wazee. Kwa mimba yenye kromosomu zilizovurugika haifanyi lolote, isipokuwa kuchelewesha habari: mlango wa kizazi unabaki umefungwa na kiinitete kilichokufa kinakaa ndani. Jike anayepewa altrenogesti lazima apimwe kwa ultrasaundi kwa ratiba, la sivyo utamlisha dawa miezi mitatu juu ya mji wa mimba mtupu. Na kipimo cha damu cha projesteroni hakiioni dawa hiyo, kwa hiyo usishangae majibu yakiwa ya chini.

Usalama wa anayeishika: altrenogesti na prostaglandini zote hupenya ngozi. Vaa glavu zisizopitisha maji. Mwanamke mjamzito asiziguse kabisa, na mwenye pumu akae mbali na prostaglandini.

Hatua ya 6: Moyo umesimama

Kwanza thibitisha. Kiinitete kisichoonekana kupiga moyo leo kipimwe tena kesho au keshokutwa, kabla ya sindano yoyote ya kusafisha. Mashine hafifu, banda lenye mwanga mkali na jike asiyetulia vimewahi kuua mimba hai kwenye karatasi.

Ikishathibitika, fikiria kuchukua ushahidi kabla haujapotea. Mpaka kama siku ya 65 daktari anaweza kuosha mji wa mimba kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa na kukusanya kiinitete na tando zake kwenye chombo safi. Kama unataka kromosomu zichunguzwe, sampuli isitiwe formalini wala isigandishwe. Ikae kwenye ubaridi wa friji na isafiri haraka. Pigia maabara simu kabla ya siku hiyo, kwa sababu si kila maabara ya mifugo hufanya kazi hiyo, na nyingine zinataka chombo chenye kimiminika chao wenyewe. Chukua pia sampuli ya mji wa mimba kwa usufi, itafutwe bakteria na fangasi. Majibu ya aina mbili yakikaa pamoja ndipo unapojua kama shida ilikuwa mimba au nyumba yake.

Baada ya hapo ndipo prostaglandini, maji yaliyobaki yatolewe, na maambukizi yatibiwe kama yapo.

Mimba kubwa ikitoka

Hapa mambo mawili yanatangulia mengine. Mtenge jike hapohapo alipo, wala usimhamishe kupitia kwa wenzake wajawazito. Aliyemshika asiende kwa wengine kabla ya kunawa na kubadili viatu na nguo. Virusi vya herpesi aina ya kwanza, vinavyotoa mimba hasa miezi ya mwisho, husambaa kupitia kijusi, kondo na maji yake, na shamba zima linaweza kufagiliwa.

Pili, usizike wala kuwaachia mbwa. Vaa glavu, tia kijusi na kondo lote kwenye mfuko, weka kwenye ubaridi, na upeleke maabara ndani ya siku moja. Kwa walio Kenya, maabara za mifugo za Kabete ndizo za kuulizia kwanza. Kabla ya kufunga mfuko, tandaza kondo chini kwa umbo la herufi F na upige picha pande zote mbili. Sehemu iliyokuwa imegusa mlango wa kizazi ikiwa nene, ya kahawia na yenye utelezi, maambukizi yalipanda kutoka nje. Pima urefu wa kamba ya kitovu na utazame kama imesokotwa mpaka imevimba na kubadilika rangi, maana kamba ndefu inayojisokota hukata damu ya mtoto. Tazama pia miguu iliyokazana, pua iliyopinda na kichwa kilichovimba. Picha ya simu ya maumbile hayo inamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Mimba mbili au tatu zikitoka ndani ya wiki chache, acha kufikiria kila jike peke yake. Huko Kentucky, Marekani, mwaka 2001 maelfu ya mimba, changa na kubwa, zilipotea katika majira ya kuchipua, na chanzo kikaja kuonekana kuwa viwavi waliokuwa wakishuka kutoka kwenye miti ya micheri ya mwitu na kuliwa pamoja na majani. Inadhaniwa kwamba nywele zao hutoboa ukuta wa utumbo, na bakteria hupata njia ya kufika kwa mtoto. Tarehe na malisho yaliyoandikwa kwa kila jike ndiyo huonyesha jambo kama hilo.

Hatua ya 7: Kumrudisha kwa dume

Jike kijana aliyepoteza mimba moja kabla ya siku ya 35, usufi ukawa safi na maji hayapo, arudishwe joto linalofuata bila hofu nyingi. Kosa la kromosomu kwa kawaida ni la mimba ile, si la jike. Akipoteza ya pili katika hatua ileile, hapo mchunguze: kipande cha ukuta wa mji wa mimba kwa darubini, kromosomu zake mwenyewe, na rekodi za dume, kwa sababu majike watatu wa dume mmoja wakipoteza mimba wiki zinazofanana, shida si majike.

Kwa jike aliyevuka miaka 18, umri ndio kikwazo kikubwa, na sehemu yake iko kwenye yai lenyewe. Kuhamishia kiinitete kwa jike mwingine kunamwokoa dhidi ya mji wa mimba uliochoka, lakini hakulifanyi yai kuwa jipya. Mwambie mwenye farasi hilo kabla hajalipia.